Kujifunza kutunza miti: kwa telefoni ao darasani?

Tangu nipate lisansi yangu ya agronomia, swali moja linanirudilia kila mara, zaidi kutoka kwa wadogo walio bado masomoni: "Yaya, nikitaka kujua kutunza miti vizuri, nifuate masomo ya ku intaneti, ao ningoje nafasi ya darasa?" Leo nataka kujibu kwa historia, lakini naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana mama mukubwa wangu, anayekaa Panda, hapa Likasi, aliniita. Tawi kubwa la mwembe wake lilikuwa linalalia bati za nyumba. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza miezi mitatu ya masomo ya kutunza miti kwa telefoni. Nilikula mega nyingi sana, lakini kwenye mtihani nilipata pointi 86 kwa 100. Nikapanda juu na msumeno, nikaanza kukata kutoka juu kwenda chini. Kabla sijafika nusu, tawi likavunjika kwa uzito wake, likachuna ganda la shina karibu mita moja.

Mama mukubwa akaangalia kidonda kile, akaniuliza polepole: "Papa, nani alikufundisha kukata vile?"

"Ku telefoni, mama."

"Na ile telefoni haikuona mukono yako?"

Sikuwa na jibu. Kibaya zaidi, somo lenyewe lilikuwa sawa kabisa. Lilisema kata kwanza kidogo kwa chini ya tawi, halafu kata kutoka juu mbele kidogo, tawi lianguke bila kuchuna, ndiyo mwisho uondoe kisiki kilichobaki. Swali hilo nililijibu vizuri kwenye mtihani! Na msiseme ni kosa la intaneti peke yake. Miaka yangu yote ya darasani nilichora tawi, shina na mizizi ubaoni, lakini hakuna siku hata moja nilishika msumeno mbele ya mwalimu. Darasa pia halikuona mkono wangu.

Basi nikaanza kusoma: watu wa zamani walifanyaje?

Kwanza, masomo ya mbali hayakuzaliwa na intaneti. Mwaka 1840, Uingereza, Isaac Pitman alianza kufundisha hati mkato kwa njia ya posta. Mwanafunzi aliandika zoezi lake, akalituma, Pitman akalisahihisha na kulirudisha. Njia ile ilifaulu, na ukifikiri utaona sababu: hati mkato ni kazi ya mkono, na kazi yenyewe inakaa kwenye karatasi. Mwalimu akiwa mbali, bado anaona mkono wa mwanafunzi ndani ya bahasha. Lakini mwembe huwezi kuutia ndani ya bahasha.

Ndiyo maana vyuo vya misitu vya Afrika Mashariki vilijengwa pale miti ilipo. Chuo cha Olmotonyi, karibu na Arusha, Tanzania, kilianza mwaka 1937 kwenye mteremko wa mlima Meru. Kule Uganda, chuo cha Nyabyeya kiko jirani na msitu wa Budongo. Mwanafunzi anatoka darasani na kuingia msituni, na mwalimu anamuona anavyokata na anavyopanda.

Shida ya vyuo vile ni nafasi chache na safari ndefu. Kwetu Kongo, jina kubwa la elimu ya miti ni Yangambi, kando ya mto, upande wa Kisangani, ambako kituo cha utafiti wa kilimo kiliwekwa wakati wa Wabelgiji, miaka ya 1930. Kutoka Likasi mpaka Yangambi ni zaidi ya kilometa 1,000. Mtoto wa mfanyakazi wa Shituru atafikaje? Wengi wetu tunaikuta Yangambi ndani ya vitabu tu. Kwa hiyo anayedharau masomo ya mbali, aseme kwanza nani atalipa tikiti.

Sasa, jambo lililonifungua macho linatoka Tanzania. Miaka ya 1970 nchi ile ilifanya kampeni za elimu kwa redio. Ile iliyojulikana sana ni "Mtu ni Afya", mwaka 1973, iliyofikia karibu watu milioni 2. Mwaka 1980 ikaja nyingine, "Misitu ni Mali", juu ya faida ya misitu na kupanda miti. Hayakuwa masomo ya mtu mmoja na redio yake chumbani. Watu walikaa kwa makundi kijijini. Walisikiliza kipindi pamoja, anayejua kusoma akawasomea wengine kitabu kidogo cha somo, wakajadiliana, halafu wakatoka kufanya kazi yenyewe. Kila kundi lilikuwa na kiongozi aliyefundishwa mbele kidogo ya wengine.

Angalieni vizuri, bandugu. Sauti ilitoka mbali, Dar es Salaam, lakini macho yalikuwa karibu. Ukichimba shimo vibaya, redio haioni, lakini jirani yako anaona.

Kenya nao wanatufundisha. Wangari Maathai alikuwa mtu wa darasa kweli: mwaka 1971 alipata udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufika kiwango kile. Mwaka 1977 alipoanzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, wataalamu wa misitu walisema kazi ile inataka watu wenye diploma. Wanawake wale wakaendelea. Waliotesha mbegu kwa vyombo walivyokuwa navyo, hata vyungu vilivyovunjika, wakafundishana mmoja kwa mwingine. Maathai akawaita mabwana misitu wasio na diploma. Alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 2004, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30.

Je, hiyo inamaanisha kuonana kwa macho kunatosha? Wapi! Macho ya karibu nayo yanaweza kurithishana kosa. Kwa muda mrefu sana, hata katika nchi tajiri, mafundi walifundishana kukata tawi sawasawa na shina, lisibaki hata kidogo, kidonda kionekane laini na kizuri. Ni Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, aliyepasua maelfu ya miti na kuangalia ndani. Alionyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi ya mtu, unakizungushia ukuta na kukifungia ndani. Ukikata ule uvimbe mdogo unaozunguka mwanzo wa tawi, unauondolea mti kinga yake, na uozo unaingia shinani. Hapa Likasi bado naona jakaranda za barabarani zinakatwa vile vya zamani. Habari ya Shigo sikuipata kwa fundi wa hapa, wala darasani. Niliipata kwa telefoni.

Hata cheti cha ISA, shirika la kimataifa la watunza miti, kinataka uwe na miaka 3 ya kazi hii, ao sehemu yake ijazwe na masomo yanayokubaliwa, ndiyo uruhusiwe mtihani. Mtihani wenyewe ni maswali ya kuchagua jibu. Wanajua kwamba karatasi haioni mkono, ndiyo maana wanauliza kwanza mkono umefanya nini.

Kwa hiyo jibu langu kwa wadogo ni hili. Kabla ya kulipa, iwe intaneti ao darasa, uliza swali la mama mukubwa: nani ataona mkono wangu? Kama hakuna, mtafute wewe mwenyewe. Somo la mbali chukua, kwa sababu linaleta elimu ambayo haifiki Likasi. Lakini usilichukue peke yako.

Sisi tumeanza, watu wanne, kila siku ya posho. Mmoja anafungua vidio, wote tunaangalia, halafu tunakwenda kwenye mti wa kweli. Mmoja anakata, watatu wanachunga mkono wake. Miti mikubwa hatuigusi bado. Tumemuomba mzee mmoja aliyekata miti miaka mingi aje kutusimamia. Yeye anatufundisha kamba na ngazi, sisi tunamwelezea habari ya Shigo. Mwanzo alitucheka, sasa anauliza.

Na ule mwembe wa Panda? Bado unazaa. Pembeni ya kidonda ganda jipya limeanza kukunja taratibu, lakini itataka miaka. Kila nikifika, mama mukubwa ananionyesha kwa kidole, hasemi kitu.

Ninyi kule Lubumbashi, Kolwezi, Kipushi: nani anaona mkono wenu? Andikeni hapa chini.