KODIANI NA KODI YA HUZUNI



Mhariri ameniomba habari ya historia. Kwa kuwa mimi ni mtumishi wa Serikali, wengine watadhani nitaandika juu ya kodi. Ni kweli, lakini si ile ya kudaiwa risiti. Ni kodi ya muziki, yaani sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja.

Tuliosoma hapa miaka ya 1990 tunaikumbuka kodiani ya chumba cha kwaya: vifungo 10 vya mkono wa kulia na viwili vya kushoto. Nilipokuwa kidato cha tatu tulifiwa na mwenzetu. Siku ya mazishi, katika baridi ile ya Julai ya Sumbawanga, nilipewa kazi ya kuongoza wimbo wa maombolezo. Kwaya ilianza vizuri. Nilipobonyeza mkono wa kushoto, ikatoka kodi ya shangwe kama ya harusini. Mama wa marehemu aliinua uso akanitazama. Mwalimu wa kwaya akasogea polepole, akakiondoa kidole changu, akaninong'oneza, "Uache mkono huo, mwanangu." Tukamaliza kwa mkono mmoja.

Kwa miaka mingi nilijilaumu. Nilipofika chuo kikuu ndipo nilipojifunza kwamba nusu ya kosa ilikuwa ya chombo chenyewe.

Mwaka 1829, mjini Vienna, Cyrill Demian alipata haki ya uvumbuzi wa chombo alichokipa jina kutokana na neno la Kijerumani Akkord, yaani kodi. Kila kifungo kilitoa kodi moja mivukuto ikisukumwa na nyingine ikivutwa. Mivukuto si kitu kigeni kwetu. Wahunzi wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, yale matanuru marefu yasiyohitaji kuvuviwa, kisha wakakisafisha katika tanuru dogo lililovuviwa kwa mivukuto.

Tuichukue sasa kodiani ya safu moja. Ukisukuma, mkono wa kulia unapata do, mi na so tu. Ukivuta, unapata so, ti, re, fa na la. Mwanakwaya yeyote anajua kwamba kodi ya huzuni iliyo ya kawaida ni la-do-mi. Lakini la iko katika kuvuta, na do na mi ziko katika kusukuma. Hakuna binadamu awezaye kuvuta na kusukuma kwa wakati mmoja! Kodi ya huzuni iliyo kamili ni moja tu: re-fa-la, kwa kuvuta. Jambo la ajabu ni kwamba inapigwa kwa vifungo vile vile vitatu, cha 3, cha 4 na cha 5, ambavyo vikisukumwa hutoa do-mi-so, kodi ya furaha. Tatizo ni mkono wa kushoto. Ukivuta, wenyewe hutoa so-ti-re, na ile ti hugombana na la. Hilo ndilo lililonipata makaburini.

Wenzetu wa mbali walikutana na ukuta huo huo. Katika jimbo la Louisiana, Marekani, kodiani ya namna hii ndiyo nguzo ya muziki wa Wacajun, wazao wa Wafaransa ambao Waingereza walianza kuwafukuza Kanada mwaka 1755. Amédé Ardoin, Mkrioli mweusi, alirekodi nyimbo zake kati ya 1929 na 1934. Kodiani yake ilikuwa ya kodi za furaha, lakini aliimba kwa sauti ya juu kama mtu anayelia. Huzuni ilitoka kooni. Baadaye Clifton Chenier (1925–1987), aliyeitwa mfalme wa Zydeco, alipiga kodiani ya piano. Hiyo ina safu nzima ya kodi za huzuni upande wa kushoto, basi yeye alibonyeza tu.

Hapa kwetu Tanzania, vikundi vya taarab vya Zanzibar navyo hutumia kodiani ya piano. Lakini wao hawategemei sana kodi. Kodiani hufuata fidla na ganuni katika wimbo mmoja, na huzuni hutoka katika makamu, yaani mpangilio wa ngazi ya sauti.

Kumbe zipo njia tatu: koo, chombo kipana zaidi, au ngazi ya sauti. Mwalimu wetu alituonyesha ya nne, ambayo ni kujua mkono upi unyamaze.

Kodiani ile bado ipo stoo. Nimeikagua: mivukuto imetoboka na vifungo viwili havilii. Napendekeza sisi wa zamani tuchange fedha, itengenezwe kabla ya mkutano wetu ujao. Nanyi vijana, mtakapoipokea, anzeni na kifungo cha 3, cha 4 na cha 5. Vuteni polepole, na mkono wa kushoto utulie. Siku hiyo naomba tumwimbie mwenzetu wimbo wake tena, nao upigwe sawasawa.