Chai ya Kijani ya Japani na Maji Yake

Mjapani akitaka kuandaa chai njema huchemsha maji, kisha huyangoja yapoe. Jambo hili humstaajabisha mtu aliyezoea kuona majani yakitokota sufuriani pamoja na maziwa, sukari na tangawizi, maana kwake chai isiyochemka ni chai mbichi. Wengi hudhani kuwa kungoja huko ni adabu ya kale tu, mabaki ya ibada za watawa. Sivyo. Sababu yake imo katika jani lenyewe. Na jani hilo, kwa namna linavyotengenezwa kwa ajili ya nyumba nyingi za Japani, halina umri mkubwa kama linavyodhaniwa. Lilipatikana mwaka 1738, mikononi mwa mkulima.

Mmea wa chai ni mmoja. Chai nyeusi ya Kericho na chai ya kijani ya Shizuoka hutoka katika mti wa jamii moja. Hata jina ni moja, kwani *cha* ya Wajapani na *chai* ya Waswahili zote asili yake ni Uchina, moja ikivuka bahari kwenda mashariki, nyingine ikipita vinywani mwa Waajemi na Wahindi. Tofauti huanza jani likishachumwa. Ndani yake mna kimeng'enya ambacho, jani likipondeka na kupata hewa, hulibadili rangi, kama ndizi iliyomenywa igeukavyo. Mtengenezaji wa chai nyeusi huiacha kazi hiyo itimie. Wa chai ya kijani huikomesha mapema kwa joto. Wachina aghalabu hukaanga jani. Wajapani hulipitisha katika mvuke kwa nusu dakika au zaidi kidogo, na ndiyo maana chai yao hubaki na rangi na harufu ya shamba.

Chai ilifika Japani pamoja na watawa wa Kibudha. Tarehe za wafalme zataja kuwa mwaka 815 mtawa Eichū alimwandalia chai Mfalme Saga, lakini desturi hiyo haikuenea. Mwaka 1191 mtawa Eisai alirejea kutoka Uchina, na mapokeo husema kuwa alileta mbegu. Alitunga kitabu juu ya chai na afya mwaka 1211, na mwaka 1214 akampelekea shogun Minamoto no Sanetomo nakala pamoja na kikombe cha chai. Shogun alikuwa hajiwezi, yamkini kwa pombe ya usiku uliotangulia. Chai hiyo ilikuwa ya unga. Majani yalisagwa, unga ukavurugwa katika maji ya moto na kunywewa wote. Hapo ndipo ilipochipuka matcha, na baadaye utaratibu wa chumba cha chai uliokamilishwa na Sen no Rikyū, aliyelazimishwa kujiua na mtawala Toyotomi Hideyoshi mwaka 1591. Waandishi hupenda kukaa sana katika chumba hicho, kana kwamba nje yake hapakuwa na mtu mwenye kiu.

Nje walikuwako watu wengi. Mji wa Uji, karibu na Kyoto, ulikuwa umepata ujuzi wa kufunika mashamba kwa matete na mabua majuma kadhaa kabla ya mavuno, ili kivuli kililainishe jani na kulitia utamu. Chini ya utawala wa Tokugawa ruhusa ya kufunika ilikuwa ya mabwana wa chai wa Uji peke yao. Kila mwaka mitungi ya chai ya shogun ilichukuliwa kwa msafara hadi Edo, mji uitwao leo Tokyo, na watu wa njiani walipaswa kuupisha kwa unyenyekevu. Mwanakijiji aliinamia mitungi yenye chai ambayo hangeionja. Yeye alikunywa majani magumu yaliyoanikwa juani na kutokoswa mpaka maji yakawa ya kahawia.

Katika kijiji cha milimani cha Ujitawara aliishi Nagatani Sōen, aliyezaliwa mwaka 1681. Hakuwa na ruhusa ya kufunika shamba. Mapokeo husema kuwa alijaribu kwa miaka 15 kutafuta chai njema kutoka katika jani lililokua juani. Alichuma machipukizi machanga peke yake, akayapitisha katika mvuke, kisha akayafikicha kwa viganja juu ya meza ya karatasi iliyopashwa moto wa makaa kwa chini, mpaka yakakauka na kujisokota kama sindano. Kufikicha huko ndiyo siri ya kazi yote: hupasua jani ndani, utomvu wake ukajitandaza juu na kukaukia hapo, ukingojea maji. Jani lisilofikichwa halina budi kutokoswa. Lililofikichwa hujitoa lenyewe. Kutia majani katika buli kulikuwa kumekwisha kuletwa na Ingen, mtawa wa Kichina aliyefika mwaka 1654, lakini buli lilikuwa halijapata jani lake.

Sōen, mzee wa miaka hamsini na kitu, aliichukua chai yake mpaka Edo, na mfanyabiashara Yamamoto Kahei akaikubali. Hakuificha kazi yake. Aliwafundisha wengine, na jina la sencha likaenea. Karibu miaka 100 baadaye, katika miaka ya 1830, nyumba hiyo hiyo ya Yamamoto ilianza kuuza gyokuro, ambayo ni jani la kivulini lililofikichwa kwa namna ya Sōen. Mabwana na mkulima wakakutana katika buli moja.

Bandari ya Yokohama ilipofunguliwa mwaka 1859, chai ikawa bidhaa kubwa ya kupelekwa Marekani. Tangu mwaka 1869 askari wa Tokugawa waliopoteza kazi walilima nyanda za Makinohara, Shizuoka, na wapagazi waliokuwa wakivusha wasafiri mto Ōi wakajiunga nao. Haikuwa neema tupu: ili kupendeza macho ya wanunuzi, chai nyingine ilitiwa rangi, hata Marekani ikatunga sheria mwaka 1883 kuzuia chai iliyoghushiwa. Mwaka 1885 tabibu Takabayashi Kenzō alipata hataza za mashine za chai, na viganja vikaanza kupumzika.

Sayansi ilikuja nyuma ya ulimi. Mwaka 1929 Tsujimura Michiyo, aliyekuwa baadaye mwanamke wa kwanza wa Japani kupata udaktari wa kilimo, alitenga katekini, asili ya ukakasi. Theanini, yenye utamu mzito kama wa mchuzi, ilipatikana katika gyokuro mwaka 1949. Theanini huyeyuka hata katika maji ya uvuguvugu. Katekini hutaka joto. Jua huigeuza theanini kuwa katekini, na kivuli huzuia mageuzi hayo. Basi mwenye kupoza maji hufanya buli lifanye kazi iliyofanywa na matete ya Uji.

Kwa sencha maji ya nyuzi 70 hadi 80 za sentigredi hutosha, na dakika moja hivi; kuyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine hupunguza nyuzi kama 10. Gyokuro hutaka nyuzi 50 hadi 60 na dakika mbili. Hojicha, iliyokaangwa, na bancha ya majani makubwa humiminiwa maji ya moto kabisa, kwa kuwa hazina utamu mwororo wa kulindwa. Mnunuzi hutazama rangi nzito yenye kung'aa, sindano zilizokaza, na harufu mbichi; mavuno ya kwanza, ya mwisho wa Aprili na Mei, ndiyo bora. Vumbi nyingi si ila daima, maana iko sencha iliyokaa zaidi katika mvuke ikavunjika, nayo huiva upesi. Chai humiminwa kidogo kidogo katika kila kikombe kwa zamu, mpaka tone la mwisho, kwani maji yanayosalia katika buli huendelea kukamua majani. Mara ya pili maji huwa ya moto zaidi na muda mfupi zaidi, kwa sababu majani yamekwisha kufunguka.