MTANDE NA MFUMO: ISTILAHI ZA MTANDAO WA HOSPITALI NA KISA CHA BOSTON

Karani wa hospitali akimwambia mgonjwa kwamba “mtandao hakuna”, yamkini anakusudia moja kati ya mambo manne. Huenda umeme umekatika. Huenda programu ya kuandikishia wagonjwa imekwama. Huenda waya unaounganisha dirisha lake na chumba cha kompyuta umeng’oka. Au huenda hospitali nzima imetengwa na intaneti. Mgonjwa hana haja ya kujua tofauti. Lakini mfasiri wa mwongozo wa mafundi, mwalimu wa chuo cha uuguzi na ofisa anayeandika makisio ya fedha hawana budi kuijua, kwa sababu kila hitilafu ina dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine. Katika makala haya tunakusudia kueleza kisa kimoja cha kihistoria kilichoidhihirisha tofauti hiyo, kisha tuyatazame maneno yetu wenyewe.

Yafaa tuanze na kitanda cha mfumi. Neno mtandao lina asili moja na kitenzi tanda, ambacho ndicho kilichotupa pia mtande, yaani nyuzi zinazonyoshwa kwanza kabla ya kazi ya kufuma kuanza. Neno mfumo nalo limetokana na fuma. Basi maneno haya mawili, ambayo leo maofisini hutumika kana kwamba ni neno moja, yametoka katika kazi moja lakini hatua mbali mbali. Hutanda kwanza, ndipo ukafuma. Hatudai kwamba walioyachagua kwa ajili ya kompyuta waliikumbuka kazi ya mfumi. Huenda waliyachukua kwa urahisi tu. Hata hivyo uchaguzi ulikuwa wa bahati njema, maana katika hospitali ya kisasa mtandao ndio mtande: waya, swichi na vipanga njia vinavyofikisha habari kutoka maabara hadi wodini. Mfumo ni kile kilichofumwa juu yake, yaani majalada ya wagonjwa, maagizo ya dawa, na picha za eksirei.

Historia ya mtande huu si ndefu. Mwaka 1973, katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, Robert Metcalfe alibuni namna ya kuunganisha kompyuta za jengo moja kwa waya mmoja, akaiita Ethernet. Waya mmoja haukutosha kwa muda mrefu. Majengo yalipoongezeka zilibuniwa zana za kuunganisha waya na waya, na zana hizo zikaitwa madaraja. Hapo likazuka tatizo. Fundi mwenye busara angependa kuweka njia mbili baina ya majengo mawili, ili moja ikikatika nyingine ifanye kazi. Lakini njia mbili hufanya duara, na katika duara ujumbe unaotangazwa kwa wote huzunguka bila kikomo, ukijizidisha, mpaka mtandao mzima unakabwa na kelele zake wenyewe. Radia Perlman, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment, alitoa ufumbuzi wake mwaka 1985. Madaraja hupelekeana habari fupi fupi, hukubaliana daraja moja liwe shina, kisha huzifunga njia zote zinazofanya duara, mpaka umbo la mtandao liwe mti: matawi yapo, lakini hakuna tawi linalorudi shinani kwa njia ya pili. Njia iliyofungwa haikuharibiwa. Imelazwa usingizi, na huamshwa pale tu njia nyingine inapokatika.

Sasa tuje Boston. Hospitali ya Beth Israel ya mji huo ilikuwa miongoni mwa zile zilizotangulia kutumia kompyuta katika kuwahudumia wagonjwa, tangu miaka ya 1970. Mwaka 1996 iliungana na hospitali ya Deaconess, na mitandao yao nayo ikaunganishwa, kipande kwa kipande, kila idara ikiongeza tawi lake. Kanuni ya mti ilikuwa na mpaka: ilipendekezwa kwamba ujumbe usivuke zaidi ya madaraja 7. Katika sehemu fulani za mtandao wa Boston, ujumbe ulikuwa ukivuka 10. Hakuna aliyeona ubaya, kwa kuwa kazi ilikuwa ikienda.

Tarehe 13 Novemba 2002, programu iliyowekwa na mtafiti mmoja kwa ajili ya kugawana data ilimwaga wingi mkubwa wa data katika mtandao. Njia zilipojaa, zile habari fupi za madaraja zilichelewa au zikapotea, na mti ukavunjika. Njia zilizolazwa ziliamka bila kuhitajika, maduara yakarudi. Mafundi walikata sehemu hii na ile, mtandao ukapata nafuu, kisha ukaanguka tena. Kampuni ya Cisco ilileta wataalamu na zana mpya. Kwa takriban siku 4 hospitali hiyo, mojawapo ya hospitali za kufundishia za Chuo Kikuu cha Harvard, ilirudi kwenye karatasi. Watu walikimbia na majibu ya maabara mikononi, na madaktari vijana waliozoea kuagiza dawa kwa kompyuta ilibidi wafundishwe na wakubwa wao namna ya kuandika maagizo kwa kalamu. Kwa saa kadhaa idara ya dharura iliacha kupokea wagonjwa wa magari.

Jambo linalotuhusu sisi wa istilahi ni hili: kompyuta kuu zilikuwa nzima. Data zote zilikuwapo. Mfumo haukuharibika hata kidogo. Mtandao ndio uliokufa. Lau ripoti ya siku ile ingeandikwa kwa Kiswahili cha maofisini, ingesema “mfumo uko chini”, na msomaji angedhani tatizo ni programu. John Halamka, aliyeongoza idara ya kompyuta ya hospitali hiyo, hakulificha jambo, bali aliwaeleza wengine yaliyotokea, na mtandao ukajengwa upya kwa kutumia vipanga njia, ambavyo huugawa mtandao katika sehemu, hata gharika ya idara moja isizamishe nyingine.

Kisa hiki kinatuletea pia neno ambalo, kwa maoni yetu, limekwisha kututia hasara. Wahandisi wana neno la Kiingereza kwa zile njia na zana zinazowekwa mara mbili ili moja ikifa nyingine ishike kazi. Katika matumizi ya kawaida neno hilo hilo humaanisha kitu kisichohitajika tena, hata mfanyakazi aliyepunguzwa kazini. Wafasiri wetu aghalabu huandika “vifaa vya ziada”. Hebu msomaji ajiweke mahali pa ofisa wa fedha mwenye kalamu nyekundu: ni mstari upi atakaoukata kwanza? Sisi tunapendelea akiba: njia ya akiba, swichi ya akiba, umeme wa akiba. Akiba haiozi, walisema wazee, na hakuna ofisa atakayeona haya kuitetea. Tena neno hili linaafikiana na kanuni ya Perlman kuliko ziada, kwa maana akiba hukaa kando, haitumiki ovyo pamoja na kilicho cha matumizi. Kule Boston njia za akiba zilikuwapo. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuzituliza.

Kuna mengine ambayo hatujaridhika nayo. Daraja halina tatizo, na kipanga njia kinaeleweka. Lakini swichi inatusumbua. Wodini swichi ni kidude cha kuwashia taa, na mwongozo unaosema “usizime swichi” utatiiwa na muuguzi kwa namna ambayo mwandishi hakuikusudia. Wengine wamependekeza “swichi ya mtandao”, nasi tunaikubali kwa shingo upande, maana ni maneno matatu pale ambapo fundi, akiwa juu ya ngazi na tochi mdomoni, anahitaji moja. Walimu wa vyuo vya ufundi walio karibu na mafundi hao huenda wamekwisha kulisikia neno fupi zaidi likitumika kazini, nasi tutafurahi kuletewa.