Zege Chini ya Mabati: Historia Fupi ya Kisiagi cha Kibera

Neno posho lilitangulia mashine. Lilikuwa chakula cha siku, kile alichopimiwa askari au kibarua, na Kibera, mtaa wa Nairobi, ilianza na askari: Wanubi wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles, walioanza kukaa hapa mwaka 1904. Kufikia 1918 eka 4,197 zilikuwa zimetengwa kuwa ardhi ya jeshi. Posho ikawa jina la unga wenyewe wa mahindi, na nyumba ya kuusagia tukaiita posho mill, au kisiagi.

Wakoloni waliwahesabu Wanubi kuwa wapangaji tu, wakawakataza kujenga nyumba za kudumu. Ndiyo maana nyumba za Makina na Lindi, vijiji vya Kibera, zilijengwa kwa fito, udongo na mabati, nyumba za kubomolewa asubuhi moja.

Kisiagi hakikuweza kutii amri hiyo. Mashine ya nyundo haikai juu ya udongo mtupu; ikiwashwa, inatembea. Lazima ichimbiwe, imwagiwe zege, kisha ifungwe kwa boliti. Kwa nje ni kibanda cha mabati kama jirani zake, ila mlango ni mpana, wa kupitisha gunia begani. Ndani, mota na mkanda viko upande mmoja. Upande wa pili bomba linapanda hadi kwenye saikloni iliyo karibu na paa, nao unga unashuka vuguvugu mfukoni. Msagaji hupiga bati kwa kiganja, pa, pa, mpaka punje ya mwisho iteremke. Utando wa buibui humo ni mweupe kama lesi. Ubunifu wa jengo lote, kwa maoni yangu, umefuata vumbi na mtikisiko.

Foleni nayo ina sheria zake. Mahindi hupimwa kwa gorogoro, mkebe wa kama kilo mbili, na kila mtu huuliza kwanza nani yuko mbele. Aliyesaga wimbi akikutangulia, ugali wako utakuwa na madoa.

Mwaka 2017 Wanubi walipata hati ya ardhi ya eka 288; zege lilikuwa limeitangulia hati hiyo. Karibu na soko la Toi nimeona kisiagi kilichokufa: mashine ilishauzwa, mabati yameng'olewa. Zege limebaki na boliti zake nne zenye kutu, na juu yake mama mmoja ametandaza sukuma wiki.