Karabai, Fulu na Macho ya Mwenzako

Mwaka juzi, usiku, kati ya Dumila na Gairo, nilimwangusha mtu bila kumgusa. Alikuwa mzee mwenye baiskeli, amefunga gunia la mkaa nyuma, anakuja taratibu upande wake. Mimi nilikuwa na wiki moja tu tangu nibadilishe glopu za gari na kuweka LED nyeupe, na kwa kweli nilikuwa najisikia raha. Mashimo nayaona kutoka mbali, hata panya akikatiza namwona. Kumbe mzee hakuona kitu. Aliyumba, tairi la mbele likatoka kwenye lami, yeye na gunia lake wakaishia mtaroni.

Nilisimama. "Shikamoo mzee, pole sana. Umeumia?"

"Marahaba." Akajikung'uta vumbi, akalitazama gari. "Mwanangu, hiyo ni taa ya gari au karabai?"

Nilidhani ananitania. Baadaye, nilipoanza kusoma habari za taa, nikaona swali lake lilikuwa zito kuliko lilivyosikika.

Leo tukisema karabai tunafikiria ile taa ya pampu ya wavuvi wa dagaa. Lakini jina lenyewe limebeba kabaidi, lile jiwe la kijivu ambalo ukilidondoshea maji linatoa gesi ya asetilini. Gesi hiyo ukiiwasha inatoa mwali mweupe, mkali. Na mwanzoni mwa karne ya 20, mwali huo ndio uliokuwa taa ya mbele ya magari mengi. Dereva alishuka, akafungulia matone ya maji, akawasha kiberiti. Mwaka 1904, kule Indianapolis, Marekani, Carl Fisher na James Allison walianzisha biashara ya kuuza gesi hiyo ikiwa tayari kwenye mitungi. Kisha mwaka 1912 Cadillac ilitoa gari lenye stata na taa za umeme, kazi ya Charles Kettering na wenzake, na zama za kabaidi zikaanza kufifia.

Mwanga ulipopatikana, ugomvi ukaanza. Anayeona vizuri ni mmoja, anayepofuka ni yule anayekuja. Mwaka 1917 Cadillac iliweka wenzo wa kumwezesha dereva kuinamisha taa bila kushuka garini. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya Osram ikatoa Bilux, glopu moja yenye nyuzi mbili, wa mbali na wa karibu. Hiyo swichi ya fulu na dimu tunayobofya bila kufikiri ni mapatano ya ugomvi wa miaka mia moja.

Kila nchi iliupatanisha kwa namna yake. Ufaransa iliyataka magari yake yawe na taa za njano tangu miaka ya 1930 hadi 1993. Marekani, kuanzia 1940, ililazimisha taa za aina moja zilizozibwa kiwandani, na haikulegeza kamba hadi 1983. Hata Citroën DS ya 1967, ambayo taa zake zilifuata usukani kwenye kona, iliuzwa kule bila taa hizo. Ulaya nako, glopu za halojeni ziliingia kwenye magari mwaka 1962, na H4, ambayo mafundi wetu wanaijua kama jina la jirani, ilikuja mwaka 1971. Zikafuata zenoni za BMW mwaka 1991, halafu LED za Lexus mwaka 2007.

Ukiisoma historia hii utaona kwamba kila mwanga mpya ulitafutiwa na mpaka wake. Sisi tunanunua mwanga, mpaka tunauacha dukani.

Kosa langu lilikuwa hilo. Kiakisi cha taa, ile bakuli ing'aayo ndani, kimepigiwa hesabu kulingana na mahali uzi wa glopu yake ulipo. Chanzo cha mwanga kikisogea milimita chache tu, au kikiwa na umbo jingine, mwanga unatawanyika na kupanda juu, kwenye macho ya watu. Wewe ndani ya gari unaona weupe mwingi, unasema hela yangu haikupotea.

Hata upande una hesabu yake. Magari yetu mengi yametoka Japani, ambako wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo dimu yake inanyanyuka kidogo kuelekea kushoto, pembeni mwa barabara. Gari hilohilo likiingia Burundi, wanakoendesha kulia, mwanga ule wa pembeni unaangukia usoni mwa anayekuja.

Haya si mambo ya mafundi peke yao. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku kucha nchini, baada ya zuio lililodumu tangu miaka ya 1990. Barabara ya usiku imejaa upya, na wenye baiskeli hawajapungua.

Nilirudi kwa fundi. Akatoa LED, akarudisha halojeni mpya, zote mbili kwa pamoja. Akasugua vifuniko vya plastiki vilivyokuwa vimepigwa jua mpaka vikawa na ukungu wa njano. Akaliweka gari mbele ya ukuta, akashusha mwanga kwa bisibisi. Niliona karibu vizuri kama mwanzo. Yaani muda wote tatizo lilikuwa uchafu na taa zilizopinda!

Juzi nilipita tena Dumila usiku. Nikaona kitaa chekundu cha kuakisi kwenye baiskeli, mbele yake kivuli cha baiskeli nyingine inakuja. Sijui kama alikuwa yeye. Nilishusha taa mapema, nikapunguza mwendo. Akapita na gunia lake, wima, bila hata kunitazama.