Baiskeli Isiyo na Jina

Wapenzi wa tungo za kale wanaijua desturi ya washairi kutia majina yao, na mara nyingine tarehe, katika beti za mwisho. Mswada ukitufikia umenyofoka kurasa hizo, hatuna budi kuihoji karatasi, wino, hati na lahaja: huyu ni nani, na aliandika lini? Kazi hiyo ilinikabili mwaka jana, ila kilichofika kwangu hakikuwa mswada. Ilikuwa baiskeli ya mbio, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, iliyoshushwa katika kontena la mitumba kutoka Uingereza, kisha ikapakwa rangi ya buluu ya milango kuanzia juu hadi chini. Shemeji yangu hakuona faida yake. "Chukua wewe, mwalimu," aliniambia, "labda utaitungia shairi."

Fundi wa mtaani alikuwa na shauri jingine: ving'olewe vyuma vyenye soko, na fremu iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilimwomba siku saba.

Jambo la kwanza lililonishtua ni wepesi. Sisi tuliokulia juu ya Raleigh na Phoenix za kubebea magunia tumezoea chuma kinachohitaji mabega mawili. Hii niliinua kwa mkono mmoja. Wepesi wa namna hiyo una historia. Mwaka 1897, Alfred Reynolds wa Birmingham alipata hataza ya bomba lenye unene mkubwa ncha zote mbili na wembamba katikati. Sababu yake ni rahisi kueleweka: bomba la fremu huteswa zaidi kwenye viungio, mahali linapochomewa na mahali mzigo unapogeuka mwelekeo, wala katikati hakuna haja ya chuma kingi. Mwaka 1935 kampuni yake ilitoa bomba liitwalo 531, la chuma kilichotiwa manganizi na molibdeni, na kwa miongo kadhaa baiskeli nzuri za Kiingereza zilijengwa kwalo.

Fremu ya 531 hubandikwa nembo ndogo, aghalabu karibu na kiti, na maneno yake yanataka kusomwa yote. Nembo nyingine husema kwamba fremu nzima na uma wake ni 531. Nyingine hukiri kwamba ni mabomba matatu makuu tu. Muuzaji asiye mwaminifu hukusomea tarakimu na kuyaruka maneno. Kwangu mimi hata tarakimu hazikuwapo, kwa kuwa rangi ya milango ilikuwa imezifunika, kama ziliwahi kuwapo. Nilipomkuta kijana wa fundi ameshika msasa ili anisaidie, nilimkamata mkono. Msasa hauchagui kati ya rangi na nembo.

Kuna shahidi mwingine asiyebandikwa. Bomba likiwa jembamba ndani, nguzo ya kiti huwa nene zaidi. Fremu ya 531 iliyojengwa vyema hupokea nguzo ya milimita 27.2; chuma cha kawaida, chenye kuta nene, hutaka nguzo nyembamba zaidi. Kipimo hiki peke yake hakimtaji mtu, kwani zipo fremu nyingine bora zenye tundu hilohilo, lakini kinaondoa uongo mwingi. Nikalegeza bolti, nikavuta. Nguzo haikutikisika. Kutu imeifunga humo.

Nikageukia mtambo wa kubadilishia gia. Ulikuwa wa Campagnolo, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1933 huko Vicenza, Italia. Husimuliwa kwamba Tullio Campagnolo, akiwa mwendesha baiskeli za mashindano, alishindwa kufungua nati za gurudumu lake mlimani kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, na hapo ndipo alipowaza kifungo cha gurudumu kinachofunguliwa kwa mkono mtupu. Mitambo ya gia ya kampuni hiyo ya miaka ya 1970 ilipigwa mhuri wa mwaka. Wangu ulisema 73. Nikafurahi mapema mno. Nilipoufuta mkono wa pedali kwa nyuma nilikuta jina la Shimano na herufi mbili, GB. Katika hesabu ya Shimano ya wakati huo, herufi ya kwanza ni mwaka, kuanzia A kwa 1976, na ya pili ni mwezi. GB ni Februari 1982. Ni mswada wenye hati za watu wawili: mmoja aliijenga, mwingine akaitengeneza baadaye, na mwenye kuitarehesha kwa chuma kimoja tu angekosea miaka tisa.

Nafasi ya gurudumu la nyuma kati ya ncha za fremu ilinipa sauti ya tatu: milimita 120, kipimo cha enzi ya meno ya gia matano. Yalipofika sita na saba, kipimo kilichoenea kwenye baiskeli za mbio kilikuwa 126. Fremu, basi, inakubaliana na mtambo wa gia na kumkana mkono wa pedali. Ipo pia namba iliyogongwa chini ya fremu, na watu wengi hukimbilia hiyo kwanza. Lakini kila mtengenezaji alikuwa na hesabu yake. Namba bila jina lake ni kama mwaka usioelezwa kuwa ni wa Hijria au wa Miladi.

Matairi ni kisa cha lugha kabisa. Ukiagiza tairi la "inchi 28" unaweza kuletewa la ringi ya milimita 635, la zile baiskeli zetu za magunia, au la milimita 622, kwa kuwa yote mawili huitwa 28. La inchi 27, lililokuwa la kawaida Uingereza, ni la milimita 630. Majina yamekaribiana, vyuma havikubaliani. Langu ni 27, na nilizunguka maduka manne nikielezwa kwamba ni kitu kilekile.

Amma thamani, kabla ya jina lolote la fahari, pitisha kidole gumba chini ya mabomba mawili yanayoanzia kwenye shingo ya usukani. Ukigusa kivimbe au mkunjo, baiskeli iligonga kitu, na hata iwe 531 hainunuliwi kwa ajili ya kupandwa. Yangu ni laini. Kisha hutazamwa rangi ya asili, ambayo yangu imeipoteza, na umoja wa vyuma, ambao yangu imeupoteza nusu. Fundi hakukosea hesabu: kwa wakusanyaji wa Ulaya, ule mtambo wa gia peke yake unaweza kuuzika upesi kuliko vyote vingine kwa pamoja. Ndiyo sababu fremu za namna hii huishia kwenye mizani ya vyuma chakavu, na shahidi pekee aliyekubaliana na fremu huenda kuuzwa mbali nayo.

Siku saba zilipoisha nilimlipa fundi posho yake na kuondoka na baiskeli nzima. Chini ya rangi ya buluu, karibu na kiti, ukucha wangu umefichua kijani kibichi na ukingo wa kitu kilichobandikwa. Sijaendelea. Nguzo ya kiti bado imeng'ang'ania. Kila Ijumaa jioni huitia matone ya mafuta, nikaisukuma kidogo, nikaiacha.