Si Kila Ugonjwa wa Ukoo ni wa Damu

Akiugua baba, kisha akaugua mtoto, sisi husema haraka: "Wale wana ugonjwa wao wa ukoo." Juma hili nataka twende Balkani, ambako maneno hayo yalisemwa kwa miaka mingi huku muuaji akiwa mezani.

Katika miaka ya 1950 madaktari wa Bulgaria na iliyokuwa Yugoslavia walieleza ugonjwa wa ajabu katika vijiji vya wakulima, kando ya mito inayoingia Danube. Figo zilisinyaa polepole, na wengi wa wagonjwa walipatwa pia na saratani ya njia ya mkojo inayoanzia ndani ya figo. Kijiji kimoja kilizika watu wake, cha jirani kikabaki salama. Ndani ya kijiji, nyumba hii iliugua, ile ikapona. Nani asingesema ni damu?

Lakini wageni waliohamia vijijini humo, wasio na udugu wowote na wenyeji, nao waliugua baada ya kuishi hapo miaka mingi.

Mwaka 1969 mtafiti wa Yugoslavia, Ivić, alilitaja gugu liitwalo Aristolochia clematitis. Liliota katikati ya ngano, mbegu zake zikavunwa na kusagwa pamoja nayo, zikaliwa katika mkate. Wachache walimsikiliza.

Ushahidi ulitoka mbali. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walitangaza kuwa wanawake waliomeza vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene wameharibikiwa figo. Dawa moja ya Kichina ilikuwa imebadilishwa kimakosa na mmea wa jamii ile ile ya Aristolochia. Waathirika walizidi 100. Taarifa ya mwaka 2000 ilionyesha kuwa kati ya wagonjwa 39 waliokubali kuondolewa figo zilizokufa, 18 walikutwa na saratani.

Mwaka 2007 watafiti walikuta alama za sumu hiyo katika chembe za urithi za figo za wagonjwa wa Croatia. Ivić alikuwa amesema kweli miaka 38 kabla.

Sisemi kwamba urithi hauna neno. Mwaka ule ule wa 1993 ilitangazwa kugunduliwa kwa chembe ya urithi iitwayo VHL, ambayo mtu akiirithi na kasoro yake, hatari ya saratani ya figo huwa kubwa. Sigara, unene na shinikizo la damu navyo huongeza hatari.

Ninachosema ni kwamba watu wa nyumba moja hurithi damu moja, lakini pia hula chungu kimoja. Kabla ya kuulaumu ukoo, tuangalie na chungu. Na anayekuuzia mzizi akikuambia hauna madhara kwa kuwa umetoka porini, muulize jina lake. Lile gugu la Balkani nalo lilijiotea lenyewe.

Tukutane juma lijalo.